Rangi Nyekundu Juu ya Udongo Mwekundu

Bilonda wangu,

Sanduku lako liko mlangoni na wewe umeenda kuaga wenzako wa kwaya. Nimebaki dukani peke yangu na mashine za uchapaji zilizozimwa. Sitakuandikia habari za chakula, wala za blanketi, wala za wanaume wa Kolwezi; hayo umeyasikia kwangu mpaka umechoka, na sehemu kubwa nilikuwa nabahatisha. Nataka kukuandikia juu ya rangi. Najua utacheka: mama huyu, hata siku ya kuagana hawezi kusema neno la upole bila kuanzisha mabishano. Cheka. Lakini soma mpaka mwisho, kwa sababu nina hofu, na safari hii si hofu ya kuandikia gazeti.

Kesho unaenda kuchora ramani katika ofisi ya kampuni kule Kolwezi. Nyumbani kwetu tukisema "kampuni" hatuhitaji kuongeza jina. Ni ile iliyochimba bwawa la maji machafu ya kiwanda kule Annexe, nyuma ya mtaa anakokaa mama yako mdogo Mwadi. Ni ile niliyoiandikia makala katika kila gazeti lililokubali kunipokea, na mengine yaliyonikubali kwa shingo upande. Sasa imemchukua binti yangu, na blauzi utakayovaa siku ya kwanza nimeipiga pasi mwenyewe. Usidhani sioni jinsi jambo hilo linavyoonekana kwa watu wa Kamalondo, mtaani kwetu.

Kabla ya kufika kwenye ramani, acha nikupe habari ya ndoa moja.

Ulikuwa bado unatambaa chini ya meza hii. Familia moja iliniagiza bache kubwa ya harusi, ile turubai ya kutundikwa nyuma ya viti vya maharusi. Walileta kipande cha kitambaa cha bibi harusi, buluu safi. Nikachora moyo mkubwa katikati, nikaupa buluu ileile, nikapunguza nguvu yake hadi nusu ili maua yaliyo nyuma yaonekane kupitia humo. Juu ya nyeupe ulipendeza sana. Halafu wakapiga simu: nyuma pasiwe peupe, pawe manjano, rangi ya furaha. Nikabadilisha nyuma, nikapeleka kazi kwenye mashine bila kuitazama tena. Nilikuwa na makala ya kumaliza siku ile, dhidi ya mtu ambaye leo hata simkumbuki sawasawa. Na nilikuwa na uhakika. Buluu niliichagua mwenyewe, nani angeigusa?

Mama wa bibi harusi alikunjua ile bache hapa mbele ya kaunta. Moyo ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Mama Ngalula," akasema, "ni ndoa ao ni kilio?"

Unajua nilifanya nini? Nilibishana naye. Nilimvuta nyuma ya kaunta, nikamfungulia kompyuta, nikabonyeza ule moyo ili namba za rangi zitokee. Nyekundu sifuri, kijani sifuri, buluu mia mbili hamsini na tano. "Angalia, mama. Iko bleu. Haiwezi kuwa bleu kupita hii."

Akaangalia zile namba kwa adabu, kisha akaniangalia mimi.

"Miye navalaka kitambala," akasema. "Haiko numero."

Nilichapa upya. Lakini kwa miezi nilisimulia kisa hicho kama kichekesho juu ya ujinga wa wateja, na watu wakacheka, na mimi nikajiona mjanja.

Wewe leo unajua programu ya kuchora kuliko mimi, kwa hiyo nivumilie nikikueleza unachokijua. Nataka ukijue kwa maneno, si kwa vidole tu. Umbo lolote tunalochora lina rangi yake, na rangi hiyo ni namba tatu. Pembeni kuna namba ya nne, ile tunayoiita opasite dukani, ya kusema umbo lizibe kiasi gani kilicho chini yake. Ukiishusha opasite, zile namba tatu hazitikisiki. Buluu inabaki buluu kwenye kidirisha chake hata ukiidhoofisha mpaka ipotee kabisa. Kinachobadilika ni kile linachopokea jicho, na jicho halipokei buluu. Linapokea mchanganyiko wa buluu na kile kilichokuwa chini. Nusu ya buluu juu ya nyeupe ni anga ya asubuhi. Nusu ileile juu ya manjano ni majivu. Umbo moja, namba zilezile, rangi mbili, na mashine itakuapia kwamba hakuna kilichobadilika. Na haisemi uongo. Hilo ndilo lililonichukua miaka kulielewa: kwamba swali la "rangi hii ni ipi?" lina majibu mawili ya kweli, na mtu mwenye nguvu atachagua lile linalomfaa.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu jinsi wakubwa wanavyodanganya. Vimejaa ukuta mzima wa chumba changu, na wewe umevifuta vumbi kwa manung'uniko tangu utoto. Vyote vinazungumzia kuficha: kabati lililofungwa, karatasi iliyochomwa, shahidi aliyenyamazishwa. Hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba mtu anaweza kubandika ukweli ukutani, kwa rangi, mchana, na usionekane.

Mwaka ule beseni za Mwadi za maji ya kisima zilipoanza kushika alama ya kijani ambayo mchanga na sabuni havikuitoa, watu wa mtaa wake walidai kuambiwa wapi ni hatari kuchimba visima na kulima mahindi. Kampuni ikachora ramani ya kwanza, ikaibandika kwenye ukuta wa nyumba ya chefu, yaani mkuu wa mtaa. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, nzuri, unaona mpaka paa za bati, na juu yake eneo la hatari limepakwa nyekundu yenye opasite ya chini kabisa, ili nyumba zionekane. Pembeni, kwenye karatasi nyeupe, kisanduku cha maelezo: rangi hii ni hatari.

Sasa fikiri kama mchoraji. Nyekundu dhaifu juu ya karatasi nyeupe ni waridi, ile tunayoiita roze. Basi kisanduku kilikuwa cha roze, na watu wakaenda kuitafuta roze kwenye ramani. Lakini chini ya ramani hapakuwa na weupe. Palikuwa na nchi yetu. Kwenye majani na vichaka, ile nyekundu ilichanganyika na kijani ikawa kahawia, kama pori lililopitiwa na moto wa kiangazi, na nani hapa anaogopa pori lililoungua? Na kwenye nyumba za watu? Wewe umelala kwa Mwadi likizo ngapi. Unajua kitu cha kwanza asubuhi ni ufagio. Kila lupango, kila uwanja wa nyumba, unafagiliwa mpaka lisibaki jani hata moja, kwa sababu majani huficha nyoka, na kwa sababu jirani atasema. Wanawake wa Annexe hufagia mpaka udongo unang'aa kama ngozi. Udongo wetu ni mwekundu. Nyekundu dhaifu juu ya udongo mwekundu uliofagiliwa ni udongo mwekundu, basi. Umekolea kidogo. Unaweza kudhani ni kivuli.

Unaona kilichotokea? Hatari ilionekana mahali ambapo hakuna mtu anayekaa, na ilipofika kwenye milango ya watu ikazama. Kadiri mama alivyokuwa safi, ndivyo ramani ilivyomwacha nje.

Mimi niliona kosa hilo kwa kutupa jicho mara moja. Nilikuwa labda mtu pekee pale mwenye duka la kuchapa kwa rangi, mwenye kisa cha moyo wa majivu. Ningeweza kumshika mkono mwanamke yeyote nikamwambia: nionyeshe roze iko wapi. Angetafuta, asingeiona, na kila mtu angeelewa kwamba ramani isiyo na rangi ya maelezo yake haisomeki. Ingechukua muda wa kunywa maji.

Badala yake nilikwenda nyumbani nikaandika makala. Kali, ndefu, na kwa kweli nzuri, sitaikana. Niliwaita wauaji wenye rula. Niliandika kwamba walipaka rangi ile kwa makusudi. Kampuni ikaitisha mkutano pale uwanjani kwa chefu, ikaleta mhandisi kijana mwenye kompyuta na ukuta wa kitambaa cha kuonyeshea picha. Nikasimama nikasoma makala yangu kwa sauti, mbele ya watu waliokuja kuuliza habari za maji.

Mhandisi hakukasirika. Alibonyeza lile eneo la hatari, na namba zikatokea kubwa kwenye kitambaa.

"Maman, unasema tumeficha rouge. Soma wewe mwenyewe."

Mia mbili hamsini na tano, sifuri, sifuri.

"Hii ni rouge gani?" akauliza.

"Rouge pur! Nyekundu tupu!" akajibu mtu mmoja kutoka nyuma, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka mtu wao anapoteleza.

Na mimi, Bilonda, mimi niliyewahi kumfungulia mama wa bibi harusi namba zilezile, nilijibu nini? Nilijibu kwa historia. Nilianza na wakoloni, nikaja kwenye reli, nikaja kwenye mikataba, nikauliza wazungu wa zamani na weusi wa leo tofauti yao ni nini. Nilipiga kifua. Wengine wakapiga makofi, kwa sababu nasema vizuri. Giza lilipoingia watu wakarudi kwao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesogea kuitazama ile ramani. Ilikuwa pale ukutani nyuma yangu muda wote. Nilikuwa nimeiziba kwa mwili wangu.

Nilitaka wakiri ubaya wao. Sikutaka watu waone. Ni mambo mawili tofauti, na nimefika umri huu ndipo naweza kuyatenganisha. Sijui hata leo kama ile rangi waliiweka kwa hila au kwa uvivu. Nimeacha kujali. Mtu akinywa maji yale, tumbo lake halitauliza.

Mwadi aliacha kisima chake si kwa sababu ya ramani wala ya makala yangu. Aliacha kwa sababu ya harufu. Akaanza kununua maji ya bidoni, ya madumu, kama majirani zake, na shamba la nyuma akaliacha liote majani. Kwa muda mambo yakatulia, yaani yalitulia kwangu, kwa sababu nilikuwa na vita vingine.

Kisha mwaka huu wakaanza kuinua ukuta wa bwawa. Umewaona mwenyewe, malori usiku na mchana. Ukuta ukipanda, maji yatapanda, na eneo la hatari litapanuka. Hata wao wamekiri, ndiyo maana wakahitaji ramani mpya kabla ya mvua. Ndiyo maana wakatafuta mchoraji. Na wewe ukaleta ile karatasi ya maombi ukiwa na uso unaong'aa, na mimi nikasema, kwa nini siyo? Mchoraji wetu ndani ya nyumba yao. Nilijiona mwenye akili nyingi siku ile.

Jaribio walilokupa ulilifanyia hapahapa, kwenye kompyuta ya pili. Ilikuwa ramani yenyewe ya Annexe. Nilisimama nyuma yako na kikombe changu. Unakumbuka.

"Bilonda, ile zone haionekane."

"Inaonekana, mama. Ni opasite ya vingt pour cent, ishirini kwa mia. Njo modeli yao, balinikataza kuibadilisha."

"Balikukataza juu ya nini?"

"Juu picha ya chini ionekane. Bantu baone nyumba yao."

"Baone nyumba, basione hatari?"

"Mama, kwako kila kintu ni komplo, ni njama. Angalia." Ukabonyeza. "Rouge. Deux cent cinquante-cinq, zéro, zéro. Rouge iko rouge."

Mwanangu, nikamsikia yule mhandisi. Maneno yaleyale, mia mbili hamsini na tano, sifuri, sifuri, kutoka kwenye mdomo niliounyonyesha. Na kwa sababu niliogopa, nikapiga kelele. Nikakuita kibaraka. Nikataja tena reli na mikataba. Ukasukuma kiti, ukasema, "Mama, weye haukuangalie ata karte, unaangalia tu adui," ukatoka nje, na mlango ukatikisa vioo vyote vya mbele. Ulisema kweli, ingawa ulikosea juu ya ramani. Inawezekana kuwa na kweli na kukosea kwa pumzi moja. Mimi nimeishi hivyo.

Ulipotoka nilikaa kwenye kiti chako. Nikachukua kile kifaa kinachonyonya rangi kutoka kwenye kioo, kile kinachosoma linachoona jicho na si kile kinachotangazwa na kidirisha. Nikakiweka juu ya lupango ya Mwadi. Kikanipa rangi ya tofali. Nikakiweka kwenye njia ya udongo, nje ya eneo kabisa, ambako hakuna nyekundu yoyote iliyopakwa. Kikanipa tofali jingine, ndugu yake. Nikazikuza zile nyumba mpaka zikavunjika kuwa miraba, na bado sikuweza kuona mpaka unapita wapi. Mimi, niliyejua upo. Dada yangu alikuwa ndani, yeye na mtaa wake wote mpaka barabara ya lami, na ningekuwa sijui, ningeapa yuko nje.

Kesho yake alikuja mtu wao kuchukua faili. Ulikuwa umeenda sokoni. Shati jeupe, viatu visivyo na vumbi katika mji huu, jambo ambalo peke yake lingenitosha kumshuku. Aliketi pale unapoketi wewe na kuangalia vitabu vyangu kupitia mlango ulio wazi.

"Maman, makala yako tunasomaka," akasema. "Unaandikaka muzuri sana."

"Mbona hamunijibuke?"

Akacheka. "Tunakujibu sasa. Tunamutwaa mutoto wako."

Nikamwambia mtoto wangu si jibu la barua. Akainua mikono kama mtu anayekubali kushindwa, kisha akasema, taratibu, kama anayesifia chakula: "Bantu ya kule Annexe banajua jina yenu. Jina yenu ikikuwa ku karte, bataamini. Ni muzuri kwa bote."

Alipoondoka niliosha kikombe alichonywea, nikakiosha tena.

Nilipaswa kukuambia jioni ile. Ulirudi na habari kwamba wamekuchukua, upesi hivyo, bila hata kukuita kwa mazungumzo ya pili, na uliimba ukifua nguo uani. Sikuwa nimekusikia ukiimba peke yako tangu baba yako atutoke. Nikanyamaza. Mimi! Hakuna mtu Kamalondo angeamini. Nilijiambia: ni jaribio tu, halitabandikwa popote, akifika Kolwezi atachora ramani ya kweli, na mimi nitamwandikia barua nimweleze polepole, bila kelele, jinsi ya kuitengeneza. Barua hiyo ndiyo hii.

Basi nilikuwa nimepanga kukueleza hivi. Usitegemee rangi moja nyepesi juu ya nchi yenye rangi nyingi. Chora ukingo wa eneo kwa mstari mnene usiopitisha kitu. Ndani yake tia mistari ya mshazari, kama ile ya madaftari ya hesabu uliyochafua utotoni, ili udongo uonekane katikati ya mistari na hatari ibaki juu yake. Kisanduku cha maelezo kipake juu ya kipande cha picha ileile, siyo juu ya weupe, ili mtu atafute kitu ambacho kweli kipo. Andika majina ya avenue, zile njia za mtaa. Halafu chapa kwenye mashine mbovu kuliko zote, bila rangi, na umpe mwanamke anayekaa pale, umuulize: wewe uko ndani au nje? Akikosea, ramani imekosea. Usimfungulie namba.

Wakikukatalia, usipige kifua. Omba wakuandikie kwamba wamekataa, na kwa nini. Mimi sikuwahi kuomba kitu kidogo kama hicho. Nilikuwa nadai kila mara dunia nzima, na dunia nzima hakuna anayekupa.

Hapo ndipo barua ilipaswa kuishia. Nilikuwa natafuta neno la kukuagia, nalo lilikuwa halijapatikana, na simu ikalia. Alikuwa Mwadi, anayeniita yaya, dada mkubwa. Nakuandikia alivyosema, kwa sababu nikifasiri nitaongeza hasira.

"Yaya! Pongezi! Karte ya Bilonda iko ku ukuta ya chefu. Jina yake iko pale chini, yote, na herufi kubwa!"

"Karte gani?"

"Ya kampuni. Balibandika leo asubui. Bantu bote bameenda kuangalia. Tuko inje, yaya! Roze haiko kwetu."

Nikamuuliza roze iko wapi.

"Haiko ata fasi moya, haiko popote," akasema, kisha akacheka kwa furaha. "Mungu iko muzuri."

Ni jaribio lako, Bilonda. Lile la kwenye kompyuta ya pili. Wamelichapa jinsi lilivyo, wakaweka jina lako, hata kabla hujaketi kwenye kiti chao.

Nikamsikia Mwadi akizungumza na mtu pembeni, na sauti ya chuma kwenye mawe. Nikamuuliza kelele hiyo ni ya nini. Akaniambia wanaume wa mtaa wameungana, wanachimba kisima kipya nyuma ya nyumba yake, cha maji ya kunywa, maana wamechoka na bidoni, na sasa wamejua wako nje. Mchimbaji amefika mabegani. Udongo anaoutoa umeanza kuwa baridi, akasema, ishara nzuri.

"Mwadi, sikia," nikasema. "Muko ndani. Bote muko ndani. Baambie basimame."

"Unaanza tena."

"Siyo makala! Nakuambia, hiyo karte iko na kosa ya rangi..."

"Yaya, weye unagombanaka na kila muntu. Ata na padri. Siku ya mukutano ulitupatisha haya, nikakuchungia heshima, sikusema. Leo mutoto ameshasema. Muache."

"Mutoto hakusema vile!"

"Jina yake njo iko pale," akanijibu dada yangu. "Haiko yako."

Nimempigia tena. Hapokei. Nimempigia chefu; alipotambua sauti yangu, mtandao ukawa mbaya ghafla.

Kwa miaka yote hii nimewaambia watu wa Annexe kwamba kuna hatari. Nimewaambia kwa sauti kubwa, kwa maneno mazuri, na kila mara pamoja na hatari hiyo nikawaletea hasira zangu, vitabu vyangu, maadui zangu wa magazetini, mpaka hawaoni tena mpaka wa hatari unaishia wapi na mimi naanzia wapi. Mimi hawanisikii. Mtu wa shati jeupe alilijua hilo kabla yangu.

Wewe watakusikia.

Utarudi kutoka kwaya usiku, na wao watarudi shimoni kukipambazuka. Basi lako la Kolwezi linaondoka alfajiri, na njia ya Annexe ni upande mwingine wa mji. Ukienda kwa Mwadi kwanza utalikosa, na kabla ya adhuhuri kampuni itakuwa imejua ulikokuwa na ulichosema. Kazi hiyo itakuwa imekufa kabla ya kuzaliwa. Labda na nyingine. Wana mikono mirefu, na wewe huna hata siku moja ya kazi ya kujitetea nayo. Sijui watafanya nini kwa msichana aliyekataa ramani yenye jina lake. Sitakudanganya kwamba hawatafanya kitu. Nilikuwa nimeandika amri hapa, mstari mzima, nikaukata. Hutaki amri zangu, na safari hii nadhani una haki.

Ila kama utakwenda, usiseme kampuni imedanganya. Usiseme lolote juu ya kampuni. Simama karibu na lile shimo, sema jina lako, sema ni wewe uliyechora. Mwombe mama yako mdogo akuonyeshe roze iko wapi. Akishaitafuta akaikosa, chukua ile kalamu nene nyeusi ya dukani, nimeiweka juu ya sanduku lako, uende ukutani uzungushe mstari: nyumba yake ndani, kanisa lao ndani, avenue zote ndani, mpaka kwenye lami. Bonyeza sana. Kisha umwambie yule aliye shimoni atoke.

Nitakusindikiza mpaka kwenye barabara kubwa, nibaki pale nyuma ya vibanda vya makaa, mahali wasiponiona. Wakiniona watadhani ni vita vyangu tena, na wataendelea kuchimba.

Mama yako,
Ngalula